Kijerumani cha jukwaani hakitoshi bila sarufi

Mfanyabiashara wa Busia au Rusumo hakujifunza lugha ya ng'ambo ya mpaka kwa daftari. Alijifunza akibishana bei, mikono ikimsaidia pale neno lilipokosekana. Walimu wa Kijerumani wanaotumia maigizo huingiza soko hilo darasani: mmoja muuzaji, mwingine mteja mkorofi, na bei bado haijapatana.

Anayeigiza huona haya kidogo, maana anayekosea ni mhusika, si yeye. Hurudia sentensi ileile mara kumi bila kuchoka. Hujifunza na adabu pia: mtu usiyemzoea huitwa Sie, rafiki huitwa du.

Je, maigizo peke yake yanatosha? Swali hilo lilipimwa mjini Bremen, Ujerumani, kiangazi cha 2004. Watoto wapatao 150 waliomaliza darasa la tatu, wengi wao wa familia za wahamiaji, walikaa kambini wiki tatu za likizo. Wote waliigiza, lakini baadhi waliongezewa masomo ya sarufi. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck walipowapima mwishoni mwa kambi, waliopata vyote viwili ndio walioonyesha maendeleo ya wazi. Walioigiza tu walipiga hatua ndogo.

Sababu yake mtu wa soko ataielewa upesi. Kahawa ni der Kaffee, lakini ukiinunua inageuka den Kaffee. Ukikosea, muuzaji atakupa kahawa yako vilevile, kwa hiyo hakuna kinachokulazimisha kujirekebisha. (Aliyekulia kwenye ngeli za Kiswahili hatashtushwa na der, die na das, ila itambidi azikariri.)

Mtihani hauna huruma ya muuzaji. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na ajira Septemba 2024, vijana wengi wa ukanda huu wanaitazama lugha hiyo kama njia ya kupata kazi. Anayemfuata mwenzi wake Ujerumani kwa kawaida hudaiwa cheti cha A1 kabla ya viza. Muuguzi hudaiwa ngazi za juu zaidi. Hata A1 hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Jukwaa humsaidia mtahiniwa zaidi kwenye kuzungumza.

Kwa hiyo mzazi anayetoa faida ya duka kulipia ada ya Kijerumani aulize ratiba kwanza: igizo likiisha, nani husahihisha der na den, na kwa saa ngapi kwa wiki?