Ramani Ikipotea, Shamba Lingali Papo

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimeikariri tangu darasa la kwanza, ila maana yake niliionja mwezi wa Julai mwaka 2025.

Jioni moja nilikuwa nikinakili faili kwenye diski yetu ya gigabaiti 500, mara stima zikapotea. Ziliporudi, kompyuta ikadai kwamba diski haina kitu, eti nikubali itayarishwe upya. Moyo ulinilipuka paa! Ndani ya diski hiyo mlikuwa na sauti ya nyanya yangu akitega vitendawili na kusimulia ngano, niliyoirekodi kwa ajili ya chama chetu hiki. Nyanya alikuwa ametuaga dunia miezi miwili kabla ya hapo, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

"Wewe bonyeza tu, si itafunguka!" kaka yangu akanihimiza.

Mama akamkata kauli. "Hebu ngojeni. Hakuna kugusa kitu mpaka aulize mwalimu wake."

Kesho yake mwalimu wetu wa kompyuta alinieleza hivi. Diski ni kama shamba lililokatwa ploti. Katika sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512, ndimo inamokaa ramani, yaani jedwali linaloonyesha kila ploti inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Katika mtindo wa zamani uitwao MBR, ambao ndio wa diski yetu, jedwali hilo lina nafasi 4 za baiti 16 kila moja. Jumla ni baiti 64 tu, ambazo ni chache kuliko herufi zilizomo katika sentensi hii unayoisoma sasa, ndugu yangu. Zikiharibika hizo, kompyuta hupotea njia.

Lakini je, ramani ikiliwa na panya ofisini, mahindi hung'oka shambani? Thubutu! Faili zingali palepale. Tena kila ploti ina mawe yake ya mpaka, kwani mara nyingi sekta yake ya kwanza hueleza aina na ukubwa wake. Ploti za NTFS na FAT32 huweka hata nakala ya sekta hiyo. Mtindo mpya wa GPT nao huweka nakala ya jedwali lenyewe mwishoni mwa diski.

Basi adui mkubwa ni pupa yetu. Ukifomati kisha uanze kuhifadhi vitu vipya, umelima upya juu ya mahindi. Kilichoandikiwa juu hakirudi.

Tulifuata hatua hizi:

Kwanza, tuliacha kuandika chochote kwenye diski ile. Kama ingekuwa inatoa mlio wa kugongagonga, tungeizima na kutafuta fundi, maana huo ni ugonjwa wa chuma wala si wa ramani.

Pili, tulinakili diski nzima, sekta kwa sekta, hadi kwenye diski nyingine kubwa zaidi. Kazi hiyo ilichukua usiku kucha. Ukikosea kwenye nakala, ya asili ingali salama.

Tatu, tulifungua TestDisk, programu ya bure ambayo Mfaransa Christophe Grenier alianza kuiandika mwaka 1998. Hiyo hutembea shamba lote ikitafuta mawe ya mpaka, kisha huchora ramani upya. Ilipotuonyesha ploti 2, mwalimu alinizuia nisiandike jedwali jipya kabla ya kuchungulia ndani. Majina ya faili yakatokea moja baada ya jingine! Tukazihamishia kwanza kwenye diski tofauti.

Kama mawe nayo yangekuwa yameng'olewa, kulikuwa na PhotoRec, ndugu yake TestDisk. Hiyo haijali ramani. Hutambua faili kwa kichwa chake, kwa mfano picha ya JPEG huanza kwa alama FF D8 FF. Hasara yake ni kwamba faili hurudi bila majina yake.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilipona. Ngano moja ilikatika katikati. Mwisho wake hakuna anayeujua nyumbani kwetu. Lakini jioni ile nilipobonyeza faili ya kwanza, sauti ikatoka: "Kitendawili!" Sote sebuleni, hata kaka, tukaitikia, "Tega!"

Siku hizi sauti hizo tunazo mahali patatu: kwenye diski mpya, kwenye flashi ya mama, na katika kabati la chama. Nawe msomaji, usingoje stima zipotee ndipo ukumbuke kunakili. Na siku kompyuta itakapokwambia shamba ni tupu, usiharakishe kushika jembe.

Kalamu yangu inakomea hapo.