Kuchagua Kebo ya Kuunganisha Risiva na Amplifaya

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, uzi wowote wa shaba uliovikwa plastiki huitwa waya. Vivyo hivyo, jina kipaza sauti hutumiwa kwa maikrofoni, kwa spika na hata kwa amplifaya. Utata huu haumdhuru mtu darasani, lakini mbele ya mitambo waweza kumgharimu chombo chake. Makala haya yananuia kueleza namna ya kuchagua kebo ya kuunganisha risiva ya sinema ya nyumbani na amplifaya ya nje.

Kwanza, tutofautishe viwango viwili vya umeme unaobeba sauti. Tundu la risiva lililoandikwa PRE OUT hutoa umeme dhaifu, aghalabu wa volti 1 au 2, na huo ndio unaohitajiwa na amplifaya. Vituo vya spika, kwa upande mwingine, hutoa umeme uliokwisha kukuzwa ili uisukume spika. Anayeuingiza huu wa pili katika tundu la kawaida la amplifaya anaweza kuharibu chombo kimoja au vyote viwili.

Pili, umeme dhaifu huhitaji kinga. Kebo ya RCA, iliyopata jina lake kutokana na kampuni ya Radio Corporation of America, ina uzi wa kati unaobeba sauti na ngao ya shaba inayouzunguka. Waya wa spika hauna ngao hiyo, hivyo hunasa kelele. Nyumbani, ambapo umbali ni mita 1 au 2, kebo ya RCA ya bei ya kadiri yenye plagi inayokaza yatosha. Umbali ukifika mita 10 au zaidi, mathalani ukumbini, kebo ya XLR ni bora, mradi vyombo vyote viwili viwe na matundu yake. Kebo hii hubeba sauti kwa nyuzi mbili zinazokinzana. Amplifaya huikuza tofauti iliyo baina yazo, na kelele iliyoziingia kwa usawa hufutika.

Tatu, mvumo mzito usiokoma mara nyingi husababishwa na vyombo kuunganishwa na ardhi kwa njia zaidi ya moja. Kebo ghali haiuondoi. Ni afadhali vyombo vyote viwili vitumie soketi moja, na kebo ya sauti isilazwe sambamba na ya umeme. Kamwe mtu asikate pini ndefu ya plagi ili kuuzima mvumo huo, kwani pini hiyo hulinda uhai. Aidha, vyombo vizimwe kabla ya kuunganishwa.

Kwa kuhitimisha, kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajiulize: kebo inatoka tundu gani, inaingia lipi, na umbali ni mita ngapi? Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuyatenge majina waya wa spika, kebo ya sauti na kebo ya umeme. Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Anayemwagiza muuzaji "waya" tu huenda akaja kuijutia kauli yake.