Mmeto: Neno na Kipimo cha Wakati

Dhahabu ya Geita hung'aa kwa nuru itokayo kwingine, gizani haionekani. Lakini almasi nyingi, mfano wa zile alizozigundua John Williamson huko Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, hutoa nuru yao wenyewe zipigwapo na eksirei, na kwa nuru hiyo mashine huweza kuzitenga na changarawe. Tendo hili si kung'aa, bali ni kumeta. Na kwa kuwa kimeta ni ugonjwa wa ng'ombe (wafugaji wa Shinyanga wangeshtuka), jina lifaalo ni mmeto.

Fuwele za mashine ipigayo picha za saratani kwa pozitroni nazo humeta. Pozitroni ikutanapo na elektroni mwilini, zote mbili hutoweka, na fotoni mbili huruka pande zinazopingana. Moja ikitangulia kufika, tofauti ya wakati yaonyesha zilikoanzia. Ila nuru huenda sentimita 30 kwa nanosekunde 1: kosa la pikosekunde 400 hupotosha mahali kwa sentimita 6, nalo la 200 kwa sentimita 3. Ndiyo sababu fuwele ya lutetiamu, ambayo mmeto wake hufifia kwa nanosekunde 40 hivi, imeipiku ile ya bismathi, ichukuayo 300.