Askari wa udongo na migomba ya waya

Wamama, tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025, watoto wengi wa Birere wanafinyanga askari wa udongo na kuwapanga juu ya kartoni. Musiwavunjie. Mambo wasiyosema nyumbani wanayaweka pale.

Muwasaidie. Mti unaanza na nyaya nyembamba zilizosokotwa: katikati shina, ncha za juu matawi, za chini mizizi. Pakeni gundi, mubandike vipande vya eponji ya vyombo vilivyotiwa rangi ya kijani. Askari akiwa na urefu wa kidole, mgomba uwe mara tatu yake, mkaratusi hata mara kumi. Wengi wanakosea hapo. Askari akauke kivulini, jua kali linampasua. Ardhi hatununui: mawe meusi ambayo Nyiragongo ilituletea mwaka 2002, yakipondwa, yanatosha.

Kitu kimoja nakataa kabisa: maganda ya risasi na vyuma vya kuokota. Mtoto hawezi kujua kipi ni kitupu na kipi kitalipuka. Asiguse, arudi alikopitia, aite mkubwa.

Darasani kwangu mtoto mmoja aliweka kati ya askari mama mwenye beseni kichwani. Nikamuuliza anaenda wapi.

“Soko ya Virunga, mwalimu. Kununua sombe.”