Kisima Kirefu Chahitaji Lori Lenye Kreni

Kisima kirefu kikiacha kutoa maji, lawama zote huiangukia pampu, na uzito unaoizuia kufikiwa husahaulika. Bomba la chuma la inchi mbili lina karibu kilo 5 kwa kila mita. Pampu ikiwa imeshushwa mita 100, mabomba peke yake ni nusu tani. Maji yaliyojaa ndani huongeza takriban kilo 200, na bado hujahesabu pampu yenyewe na waya wake. Mzigo huo wote sharti upande juu ndipo fundi aguse kilichoharibika. Kwa hivyo, katika nchi kavu kama Vitengeni na Ganze nzima, kaunti ya Kilifi, lori lenye kreni lihesabiwe kuwa sehemu ya mradi wa maji tangu siku ya kupanga bajeti.

Mtambo huu si mgeni duniani: kampuni ya Hiab ya Uswidi ilitoa kreni yake ya kwanza ya haidroli ya kufungwa kwenye lori mwaka 1947. Nguvu hutoka kwenye injini ya lori. Giaboksi huzungusha pampu ya mafuta, mafuta yenye shinikizo husukuma pistoni, nayo pistoni huinua mkono wa kreni. Kisimani, mkono huvuta bomba moja la mita 6; kibano hushika yaliyobaki mdomoni mwa kisima, mafundi hufungua kiungo kwa spana, bomba hulazwa chini, kisha huja la pili. Watu wakivuta kwa kamba na mmoja akateleza, mabomba yote yaweza kutumbukia, na pengine kisima kikapotea pamoja nayo.

Wapo wanaosema pampu ya mkono yatosha. Kwa kisima kifupi ni kweli: pampu ya Afridev, iliyojaribiwa Kwale miaka ya 1980, iliundwa makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe. Lakini haikuundwa kwa mita 100. Wengine huhofia gharama na ajira za vijana. Lori hilohilo, hata hivyo, huteremsha matangi, transfoma, nguzo za umeme na makalavati, hivyo gharama yake hugawanyika kwa kazi nyingi. Nao vijana huhitajika kufunga mizigo, kufungua viungo na kumwongoza dereva kwa ishara.

Hofu iliyo na msingi ni ya ajali. Kreni inayoinua tani 5 kwa umbali wa mita 2 huinua takriban tani 2 tu kwa mita 5. Anayepuuza hesabu hiyo hupindua lori. Miguu ya pembeni ikunjuliwe yote, iwekewe mbao nene udongo ukiwa laini, na mkono ukae mbali na nyaya za umeme. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mitambo ya kuinulia ikaguliwe mara kwa mara na mtaalamu aliyeidhinishwa. Basi kaunti ya Kilifi inapotenga fedha za kuchimba kisima, itenge na za kukikarabati. Nanyi wakazi, kabla ya kupigia makofi uzinduzi, ulizeni ni lori gani litakalokuja kuitoa pampu siku itakapokufa.