MAWIMBI YA MILIMITA: UMBALI WAKE NA LESENI YAKE

Zipo redio zinazounganisha ofisi na ofisi kwa dishi mbili zinazotazamana, kwa kutumia mawimbi yenye urefu wa milimita chache tu. Kwa kuwa mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano, maelezo haya yanawahusu wakaazi wa Unguja na Pemba sawasawa na wa Kigwa, Mkoa wa Tabora, mahali ilipopita misafara ya karne ya 19 kutoka pwani.

Masafa yanayotumika zaidi kwa kazi hii ni gigahezi 71 hadi 76 na 81 hadi 86. Kutokana na upana huo, redio moja huweza kupitisha gigabiti 1 hadi 10 kwa sekunde, uwezo unaokaribia ule wa mkonga.

Hata hivyo, mawimbi hayo hayavuki kilima wala mwembe. Ni lazima dishi zionane. Aidha, mvua huyameza na kuyatawanya. Mvua ya milimita 50 kwa saa hupunguza nguvu yake kwa takriban desibeli 18 katika kila kilomita. Yaani husalia chini ya sehemu 1 kati ya 50. Kwa hiyo, katika nchi zenye mvua kubwa, umbali wa kutegemewa ni kilomita chache tu.

Kutoka Tabora mjini hadi Kigwa ni makumi ya kilomita. Zahanati itakayounganishwa kwa mruko mmoja wa mawimbi hayo itakosa mawasiliano siku ya mvua, ambayo huenda ndiyo siku ya haja. Masafa marefu yanafaa mkonga, au redio za masafa ya chini kama gigahezi 7. Mawimbi ya milimita yabaki kusambaza huduma kutoka kituoni hadi ofisi za jirani.

Kuhusu leseni, masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na matumizi yake yanaongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Lengo la leseni ni kuzuia jirani asimwingilie jirani. Marekani, mwaka 2003, iliamua kutoa leseni moja ya nchi nzima kwa mwombaji, kisha kila jozi ya dishi isajiliwe, na aliyetangulia kusajili alindwe.

Idara inayokusudia kununua mitambo hiyo inashauriwa kupima umbali, kuhakikisha dishi zitaonana, kuzingatia mvua ya mahali hapo na kupata leseni kwanza. Fedha za umma zitoke baada ya hayo.