Nilipoolewa na Kocha

"Kocha wa kikapu? Na hiyo nayo ni kazi, mwanangu?" Ndivyo mama alivyoniuliza nilipompeleka mchumba nyumbani Mkuu, ile Krismasi. Nilicheka, lakini liliniuma.

Mume wangu anafundisha timu ya chuo kimoja hapa Moshi. Posho haieleweki, jioni zote yuko uwanjani, na mara mbili amesahau bethidei yangu kwa sababu ya mechi. Nikachoka. Nikamwambia achague: mimi au mpira.

Hakubisha. Akanisimulia habari za kocha Mmarekani, Jim Calhoun. Alifiwa na baba akiwa na miaka 15, akafanya kazi ya kuchonga mawe kusaidia familia. Mwaka 1972 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Northeastern, 1986 akahamia Connecticut. Ubingwa wa kwanza wa vyuo Marekani akaupata 1999, kisha 2004 na 2011. Ndiye aliyemnoa Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa namba 2 mwaka 2009.

"Kwa hiyo 1972 mpaka 1999, na mimi nisubiri miaka 27?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hapana. Wewe dai siku yako."

Basi nikadai Jumapili. Simu inazimwa, tunapanda gari la Rombo kumsalimia mama. Na mimi huenda kutazama mechi.

Dada, kushindana na kazi anayoipenda mwenzio utashindwa. Dai siku yako, ila idai mapema!